Tunaijua Roma, Hatuijui Kalenga



Mwishoni mwa muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alinionesha orodha aliyoihifadhi katika simu yake. Ilikuwa orodha ya mambo ya kuona na kufanya kwa mtu aendaye likizo Italia: kuingia Colosseum mjini Roma, kupanda mtumbwi katika mifereji ya Venice, kupiga picha na mnara wa Pisa ulioinama, kutembea katika magofu ya Pompeii, kula aiskrimu Firenze jua linapozama. Alizitaja sehemu hizo kwa ufasaha wa mwenyeji. "Dokta, siku moja nitafika," aliniambia.

Sikumcheka, wala sikumkatisha tamaa. Kijana asiyetamani kuiona dunia amezeeka kabla ya wakati. Nilimuuliza tu kama amewahi kufika Kalenga. Amesoma hapa Iringa kwa miaka mitatu, na Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka mjini. Nauli yake ni ndogo kuliko gharama ya bando alilotumia kuitafuta Pisa. Alifikiri kidogo, kisha akajibu: "Kule kwenye fuvu? Hapana, Dokta. Nasikia ni kwa ajili ya watalii."

Jibu hilo limenikaa moyoni tangu siku ile. Kijana wa Kitanzania, msomi wa chuo kikuu, anaamini kwamba mahali alipopumzishwa babu wa upinzani dhidi ya ukoloni ni mahali pa watu wengine. Nami sina haki ya kumnyooshea kidole. Nilipita kwa basi mbele ya kibao cha Isimila mara nyingi zisizohesabika, nikienda na kurudi Mbeya, kabla sijashuka hata siku moja. Nilishuka nikiwa tayari nina shahada mbili. Mtu anaweza kusoma sana na bado asiisome nchi yake.

Mtalii ni nani?

Katika matumizi yetu ya kila siku mtalii ni mzungu mwenye kofia pana na kamera shingoni. Lakini tukirudi kwenye neno lenyewe tutashangaa. Kutalii ni kitenzi tulichokipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya kale ni kusoma kwa makini, kuchungua jambo mpaka ulielewe. Mtalii, kwa asili ya neno, ni msomaji. Tumelichukua neno la wasomaji tukawapa wageni peke yao, nasi tukabaki kuwa wapishi, madereva, wabeba mizigo na, mara nyingine, mandhari ya picha zao.

Najua pingamizi litakaloletwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, lakini nani kati yetu anayezitumia kupumzika? Likizo ya mtumishi wa umma ni ya kwenda kijijini kumwona mama, kumalizia nyumba iliyofika kwenye lenta, kuhudhuria kikao cha ukoo, kupanda mahindi mvua zikianza. Siidharau likizo ya namna hiyo. Ndiyo inayotufanya tuwe watu. Ninachosema ni kwamba safari ya kwenda kumwona mama Rungwe inapita Isimila, na safari ya kwenda msibani Kyela inapita jirani na Ziwa Ngozi. Hatuombwi kuacha wajibu wetu. Tunaombwa kushuka garini.

Naomba basi nikupe, ndugu msomaji, orodha nyingine ya mambo ya kuona na kufanya. Ni ya siku nane, kutoka Iringa hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa. Baada ya hapo tutazungumza siasa, maana orodha hii haikwepi siasa.

Siku nane za Nyanda za Juu Kusini

Siku ya kwanza ianze kabla hujaingia Iringa. Ukitokea Dar es Salaam, ukishamaliza kupanda Kitonga, mwombe dereva akuoneshe mnara wa kumbukumbu ya Lugalo kando ya barabara. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Lugalo ni kambi ya jeshi na hospitali. Hapa ndipo jina lilipozaliwa. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mkwawa walikivamia kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakakiangamiza pamoja na kamanda wake. Dola iliyokuwa na mizinga na bunduki za rashasha ilishindwa na watu wenye mikuki na bunduki chache waliojua kila kichaka cha eneo lao.

Ukifika mjini, tembelea jengo la Boma la Wajerumani, ambalo leo ni makumbusho ya mkoa. Vitu vyake vichache vimepangwa kwa uangalifu, na maelezo yake yanasomeka. Pitia Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, ambako mafundi wenye ulemavu, wengi wao viziwi, hufuma na kushona, na kuna mgahawa ambao utaagiza chakula kwa ishara na kuandika. Jioni panda Gangilonga, jiwe ambalo kwa Kihehe jina lake ni jiwe linaloongea. Juu yake mji wote unaonekana. Kama msimu ni wa mvua, wenyeji watakukaribisha ulanzi, utomvu wa mianzi unaogemwa asubuhi ukiwa mtamu na kuwa mkali kadiri siku inavyosonga. Kunywa wa asubuhi.

Siku ya pili nenda Kalenga. Wajerumani waliubomoa mji huu kwa mizinga mwezi Oktoba 1894, lakini Mkwawa hawakumkamata. Alipigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne zaidi, hadi tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa akaamua kujiua kuliko kutekwa. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambao wengi tunaukumbuka kwa mipaka na madeni ya vita, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu hilo. Ilichukua miaka 35 zaidi. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alilileta kutoka makumbusho ya Bremen na kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Fuvu hilo lipo Kalenga, ndani ya kasha la kioo. Nimewahi kuona watu wazima wakivua kofia mbele yake bila kuambiwa.

Mchana wa siku hiyo hiyo fika Tosamaganga, jirani tu. Hapo utaiona Italia bila viza. Misheni hiyo ilianzishwa na Wabenedikto wa Kijerumani miaka ya 1890, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikashikwa na wamisionari wa Consolata kutoka Torino, shirika lililoanzishwa mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwezi Oktoba 2024. Matofali, matao, vigae na mpangilio wa majengo yale vina lafudhi ya Kiitalia. Si hapo tu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililozikwa ardhini kutoka Dar es Salaam hadi Ndola na kupita katika nyanda hizi, lilijengwa na Waitalia likakamilika mwaka 1968, wakati Zambia ilipokuwa ikitafuta njia ya kuponyoka kwa walowezi wa Rhodesia. Italia ilikuja kwetu zamani. Sisi ndio hatujajitembelea.

Siku ya tatu na ya nne ni za Ruaha. Njiani simama Mlambalasi, lilipo kaburi la Mkwawa na pango ambalo watu walilitumia tangu Zama za Mawe. Kisha ingia hifadhini. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilitangazwa mwaka 1964, na baada ya kuongezewa eneo la Usangu mwaka 2008 ukubwa wake ulizidi kilomita za mraba 20,000. Utaona tembo wakichimba mchanga wa mto kutafuta maji, mibuyu iliyochanwa magamba, na simba wakiwinda nyati. Utaona pia, ukienda miezi ya kiangazi, mto uliokauka. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto unaoyapeleka maji yake Mtera na Kidatu, uliacha kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na hali hiyo imejirudia mara nyingi tangu hapo. Tutaurudia mto huu.

Siku ya tano shika barabara ya Mbeya, ushuke Isimila. Katika korongo hilo, kilomita kama 20 kutoka Iringa, mvua zimechonga udongo ukawa nguzo ndefu zisizo na mjenzi. Chini yake F. Clark Howell na wenzake walichimba mwaka 1957 na 1958 wakapata zana nyingi za mawe: shoka za mkono, visu, mawe ya kuparia. Baadhi ni kubwa na nzito kiasi kwamba huwezi kuzishika kwa mkono mmoja. Mtu aliyezichonga alikaa hapa makumi ya maelfu ya miaka, pengine mamia ya maelfu, kabla Roma haijawa hata kijiji. Kisha endelea: Mafinga yenye misitu ya kupandwa ya Sao Hill, Makambako, Igawa, na nyanda za mpunga za Usangu upande wa kulia.

Siku ya sita, kama ni kati ya Desemba na Aprili, pinda Chimala na upande mlima kwa kona zake hamsini na saba hadi Kitulo. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla serikali haijaifanya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ni hifadhi inayolinda maua: aina zaidi ya 40 za okidi, na mamia ya mimea mingine. Usitafute simba. Tembea kwa miguu, lete koti, na muulize mwongoza wageni habari za chikanda, mizizi ya okidi iliyochimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia ambako ni kitoweo. Utaelewa jinsi mlo wa mjini nchi moja unavyoweza kumaliza maua ya mlima wa nchi nyingine.

Siku ya saba ni ya Rungwe. Ziwa Ngozi limetulia ndani ya kreta, na njia ya kulifikia inapanda ndani ya msitu wa mvua kwenye Safu ya Uporoto. Ukifika ukingoni ukungu ukifunguka, utanyamaza mwenyewe. Mto Kiwira umepitisha maji yake chini ya upinde wa mwamba ambao watu huuita Daraja la Mungu, na mahali pengine umezama ndani ya shimo liitwalo Kijungu. Juu yake umesimama Mlima Rungwe, volkano iliyolala, ambayo misitu yake ilimficha kipunji. Mwaka 2003 watafiti walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa kwamba kuna nyani wa namna hiyo, wakamtafuta wakamwona, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa "ugunduzi". Mwaka uliofuata ilibainika kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Wanyakyusa walikuwa na jina lake siku zote.

Siku ya nane teremka Kyela, pita mashamba ya kakao na mpunga, umalizie Matema. Mbele yako Ziwa Nyasa, nyuma yako Milima ya Livingstone. Mwone mama wa Kikisi akifinyanga chungu bila gurudumu, akikizungusha kwa mikono yake tu. Vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi sokoni Lyulilo, na kutoka hapo huenda mbali. Nunua kimoja, ukipike maharage. Usikigeuze pambo la sebuleni. Ukibakiwa na siku moja, panda hadi Ndolezi, Mbozi, mkoani Songwe, ukakiguse kimondo: bonge la chuma kutoka angani lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12, wengine husema 16. Na kama nauli inaruhusu, rudi Dar es Salaam kwa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Ni polepole. Lakini hakuna darasa la siasa za ukombozi wa Kusini mwa Afrika linaloweza kushindana na dirisha la behewa lake.

Kinachotuzuia si kiingilio

Wanafunzi wangu husema hifadhi ni ghali. Si kweli kabisa, na tuwe wakweli ili tudai kinachostahili kudaiwa. Kiingilio cha raia katika hifadhi zetu ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni kutoka ng'ambo, na katika vituo vya malikale ni kidogo zaidi. Kinachomshinda raia ni gari. Kutoka Iringa hadi lango la Ruaha ni zaidi ya kilomita 100, na ndani ya hifadhi huruhusiwi kutembea ovyo kwa miguu, wala hakuna basi la abiria litakalokuzungusha. Raia mwenye elfu kumi ya kiingilio anahitaji laki kadhaa za kukodi gari. Kwa hiyo milango iko wazi kwa sheria na imefungwa kwa magurudumu.

Hapa ndipo Italia inaweza kutufundisha. Mtu wa kawaida Roma anafika Colosseum kwa treni ya chini ya ardhi ileile inayompeleka kazini. Tangu Julai 2014 makumbusho na maeneo ya kale ya serikali yamekuwa yakifunguliwa bure kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ukiacha kipindi cha Korona. Baba asiye na kitu huwachukua wanawe wakaone walichoachiwa na mababu. Waitalia hawakuanza kwa kuuza urithi wao kwa wageni. Wageni waliwakuta wenyewe wakiwa ndani.

Italia hiyohiyo inatuonya. Venice imevamiwa na watalii hata wenyeji wakahama, na sasa wakazi wa mji wa kale hawafiki 50,000. Mwezi Aprili 2024 mji ulianza kutoza euro tano kwa wageni wa kutwa katika siku fulani. Mji ulioishi kwa wageni ukalazimika kujikinga na wageni. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Venice imeonesha kwamba mgeni anaweza kuja kwa wingi hadi mwenyeji akakosa pa kukaa.

Kuna somo la tatu. Mwaka 1937 majeshi ya Mussolini yaliichukua nguzo ya Aksum yakaipeleka Roma. Ethiopia iliidai kwa miongo mingi, ikarudishwa mwaka 2005 na kusimamishwa upya mwaka 2008. Waethiopia hawakuchoka kudai kwa sababu walijua wanadai nini. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi kwa maovu ya Majimaji, na bado kuna mabaki ya wazee wetu katika makabati ya makumbusho na vyuo vya Ujerumani. Nani atayadai, ikiwa kijana aliyesoma Iringa miaka mitatu anadhani fuvu la Kalenga ni la watalii?

Gharama ya Usangu

Niliahidi kuurudia mto. Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka, wataalamu walibishana juu ya chanzo. Wengine waliwanyooshea kidole wafugaji wa bonde la Ihefu, wengine mifereji ya umwagiliaji iliyokuwa ikichota maji hata wakati wa kiangazi. Ubishi haujaisha, lakini adhabu haikusubiri ubishi uishe. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu. Mwaka 2008 mpaka wa hifadhi ukasogezwa. Tangu hapo wakazi wa vijiji kadhaa vya Mbarali wameishi wakiwa hawajui kama ardhi wanayolima ni kijiji au ni hifadhi.

Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, uliokusudiwa kukuza utalii wa Kusini: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na eneo la Selous. Nia ilikuwa njema: kupunguza utegemezi wa nchi kwa Serengeti na Kilimanjaro na kuleta ajira huku. Lakini wanavijiji walilalamika kwamba upanuzi wa hifadhi ulikuja na vipigo, kukamatwa kwa ng'ombe na kuhamishwa. Aprili 2024 Benki ilisimamisha utoaji wa fedha, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Sitaamua kesi hapa. Nasema tu kwamba mradi wa kuwaleta watu Kusini ulianguka juu ya swali la nini kiwafanyike watu waliokuwa tayari Kusini.

Fikiria mtoto wa mfugaji wa Mbarali. Amekulia kwenye mpaka wa hifadhi ambayo mabango yake yanaisifu duniani kote. Tembo amemwona akila mahindi ya baba yake. Askari wa hifadhi amemwona akichukua ng'ombe. Ruaha yenyewe, mto wake, wanyama wake, hajawahi kuoneshwa na mtu yeyote. Tunamtaka ailinde kwa sababu gani? Mtu hulinda alichokisoma. Alichofukuzwa nacho hukiogopa, au hukivizia.

Kwa hiyo natofautiana na wanaosema utalii wa ndani ni anasa ya tabaka la kati, jambo la kushughulikiwa tukishamaliza shida za maji na zahanati. Utalii wa ndani ni sehemu ya swali la nani mwenye nchi. Filamu ya "Royal Tour" ya mwaka 2022 ilimwonesha Rais wetu akiitangaza Tanzania kwa ulimwengu, na sina ugomvi na nia hiyo. Fedha za kigeni tunazihitaji. Lakini nchi inayotangazwa kwa wageni pekee hufikia mahali ikaanza kujitazama kwa macho ya wageni. Huanza kuwaona raia wake kama kasoro katika picha.

Nini kifanyike

Sipendi makala zinazolalamika na kuondoka. Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

Kwanza, lipatikane basi. Halmashauri, mamlaka ya hifadhi na wenye mabasi wakae pamoja, Jumamosi moja au mbili kila mwezi basi la abiria liondoke stendi ya Iringa asubuhi, liingie Ruaha, lirudi jioni. Nauli iwe ya mwananchi. Vivyo hivyo Mbeya kwenda Ngozi na Kitulo. Basi lenye watu 50 linapunguza gharama ya kila mmoja kuliko punguzo lolote la kiingilio.

Pili, tuige Jumapili ya bure. Kalenga, Isimila, Mlambalasi na kimondo cha Mbozi vifunguliwe kwa raia bila kiingilio siku moja ya mwezi. Mapato yatakayopotea ni kidogo. Watoto watakaopatikana ni wengi.

Tatu, nasema na wenzangu wa vyuo na watumishi wa umma. Kila wiki watumishi kutoka Dodoma na Dar es Salaam huja Iringa na Mbeya kwa semina. Wanakaa ukumbini siku tatu, wanakula kuku, wanasaini posho, wanaondoka na begi lenye nembo ya mradi. Gangilonga wameiona kwa dirisha la hoteli. Nusu siku ya ratiba itengwe. Nasi wahadhiri tuache kumpeleka mwanafunzi kwenye ziara ya mafunzo mwaka wa mwisho tu, tena kama fungu likibaki. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe wa sheria au wa uhasibu, apelekwe Kalenga wiki ya kwanza, kabla hajajua njia ya kantini.

Nne, na hili ni zito kuliko yote: mgogoro wa mipaka ya Mbarali umalizwe kwa haki. Wanavijiji washirikishwe, fidia ilipwe pale ambapo kuhama hakuepukiki, na wanaotuhumiwa kwa ukatili wafikishwe mbele ya sheria. Kusini haiwezi kukaribisha wageni kwa mkono mmoja na kusukuma wenyeji kwa mkono mwingine.

Mwanafunzi wangu niliyeanza naye alikwenda Kalenga hatimaye. Alikwenda na wenzake wawili kwa daladala, siku ya Jumamosi. Aliporudi sikumuuliza ameonaje, nilimsubiri aseme. Alisema jambo moja: kwamba fuvu ni dogo kuliko alivyotarajia. Kisha akauliza kwa nini hakufundishwa habari za kifungu cha 246, na nani mwingine aliyechukuliwa ambaye hajarudi.

Orodha yake ya Italia bado anayo katika simu, na ninamwombea siku moja afike. Wazee wetu walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, huenda akaokota. Akifika Roma na kuulizwa na mwenyeji wake kuhusu alikotoka, nina hakika sasa atakuwa na la kusimulia.